Lazima DNP ndipo uwe FNP? Jibu kwa dada wa shifti ya usiku

"Habari yako dada. Mimi ni nesi kutoka Kenya. Nilisoma diploma ya uuguzi ya KRCHN nyumbani, nikapita mtihani wa leseni wa Marekani, NCLEX, na sasa nina miaka sita hapa Texas, wodi ya watu wazima, shifti ya usiku. BSN, yaani digrii ya uuguzi, nilimaliza mwaka jana. Nina miaka 39, watoto wawili, na grini kadi. Nataka kuwa FNP, muuguzi tabibu wa familia. Kuna chuo cha mtandaoni ambacho mtu wao hunipigia simu kila wiki. Anasema tangu 2025 huwezi kuwa NP, yaani muuguzi tabibu, bila DNP, ule uzamivu wa uuguzi, na kwamba nikimaliza nitaitwa daktari na nitafungua kliniki yangu mwenyewe. Ni miaka mitatu, karo dola 60,000, na mkopo unalipa yote. Mume wangu anasema nifanye masters kwanza. Naogopa kuzeekea shuleni, naogopa takwimu, na ndoto yangu ni kurudi siku moja nifungue kliniki Kitale. Nifanye nini?"

Dada yangu, pole na kazi. Naijua hali ya kupokea simu ya namna hiyo umetoka wodini saa moja u nusu asubuhi, macho yanauma, na mtu anakwambia mlango unafungwa. Hapo mtu hutia sahihi lolote. Kwa hiyo kwanza nikutulize: mlango haujafungwa. Unaweza kuwa muuguzi tabibu wa familia, yaani FNP, kwa shahada ya uzamili. Ilikuwa hivyo kabla ya 2025 na bado ni hivyo.

Hata hivyo, hiyo habari ya 2025 ina mahali ilipotoka, na ni vizuri ujue. Mwaka 2004 chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani, AACN, kilipendekeza kwamba kufikia 2015 wauguzi wote wa ngazi ya juu waingie kazini wakiwa na uzamivu wa kazi, yaani DNP. Mwaka 2015 ukapita na vyuo vingi vikaendelea kutoa uzamili. Mwaka 2018 shirika la walimu wa ma-NP, NONPF, likaweka lengo jipya, 2025. Nao umepita. Yote mawili yalikuwa mapendekezo ya watu wa elimu, na watu wa elimu hawatoi leseni. Leseni hutolewa na bodi ya uuguzi ya jimbo, na bodi hutaka uwe umepita mtihani wa taifa. Mitihani ya FNP inatolewa na ANCC na AANPCB, na yote miwili inampokea mwenye MSN, yaani uzamili wa uuguzi, sawa na mwenye DNP. Waliobadilishiwa sharti kwelikweli ni wauguzi wa nusukaputi: wao, kuanzia Januari 2022, kila anayeingia chuoni lazima aingie programu ya uzamivu. Nadhani huyo mtu wa simu amechanganya haya mawili. Kama si kuchanganya, basi anajua na ananyamaza, na hilo ni baya zaidi.

Sasa shika jambo moja, maana mengine yote nitakayokuandikia yanatoka hapo. Shahada ni kitu kimoja, ruhusa ya kazi ni kitu kingine. Shahada unapewa na chuo. Ruhusa unapewa na sheria ya jimbo unalofanyia kazi. Wewe uko Texas, na Texas NP haandiki dawa bila mkataba na daktari anayemkabidhi mamlaka hayo. Ukiwa na MSN, unahitaji mkataba. Ukiwa na DNP, unahitaji mkataba uleule. Muuguzi huyohuyo, kwa cheti kilekile, akihamia New Mexico, jirani yenu tu, na kupata leseni ya huko, anaona wagonjwa na kuandika dawa bila mkataba wa namna hiyo. Zaidi ya nusu ya majimbo sasa yanaruhusu hivyo. Minnesota, ambako Wakenya tumejaa, ilibadili sheria na tangu 2015 NP mpya akishamaliza saa 2,080 za kazi kwa ushirikiano na wenye uzoefu, anasimama mwenyewe. Kwa hiyo ukiambiwa DNP itakufungulia kliniki Texas, jibu ni kwamba kliniki unaweza kuimiliki, lakini daktari wa mkataba utamtafuta na mara nyingi utamlipa kila mwezi, hata ukiwa na uzamivu mara mbili.

Pesa nazo hufuata sheria, hazifuati shahada. Medicare, bima ya serikali ya wazee, humlipa NP asilimia 85 ya kiwango cha daktari kwa huduma ileile, na hawaulizi alisoma hadi wapi. Mwajiri anayeingiza kiasi kilekile kutoka kwa bima hana sababu kubwa ya kumwongezea mwenye DNP. Wengine huongeza kidogo, wengine hawaongezi kabisa. Tena kwa mtu kama wewe kuna hesabu ambayo hutajiwi: takwimu za wizara ya kazi za 2024 zinaonyesha mshahara wa katikati wa RN, muuguzi aliyesajiliwa kama wewe, ni dola 93,600 na wa NP ni kama dola 129,000 kwa mwaka. Pengo linaonekana kubwa. Lakini wewe uko usiku, una nyongeza ya usiku, una wikendi, una ovataimu. FNP mpya wa mchana, bila nyongeza yoyote, anaweza kujikuta mwaka wa kwanza analeta nyumbani kiasi kilekile ulichozoea. Sikukatishi tamaa. Nakutaka ukae na mume wako na hati zako za mshahara za miezi sita, msiishie kwenye tarakimu za tangazo.

Unaweza kuniuliza, basi DNP ni ya nini? Mimi ninayo. Nilianza na MSN, nikafanya kazi miaka minne, ndipo nikarudi. Nitakueleza kilichonirudisha, kwa sababu hapo ndipo utaelewa uzamivu huu ulivyo, kuliko nikikupa maneno ya vitabuni.

Kliniki niliyokuwa ina wagonjwa wengi waliotoka Kivu ya Kusini, Kongo, watu wazima wanaozungumza Kiswahili na Kifuliiru. Kuna mama mmoja alikuwa na sukari. Kila akija, analalamika kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, na kila mara ni alasiri. Alikuwa amekwisha kupimwa moyo mara mbili. Siku hiyo alikuja na mjukuu wake wa darasa la tano ambaye ndiye msomaji wa nyumba. Nikachukua chupa ya dawa, glipizide, ambayo hunywewa nusu saa kabla ya chakula. Lebo ilisema saa 7 AM. Nikamwambia mtoto, "Msomee bibi kama unavyomsomea nyumbani." Mtoto akasoma, "Bibi, kidonge kimoja saa saba." Basi. Mama alikuwa anakunywa chai na maandazi asubuhi bila dawa, halafu saa saba mchana, tumbo tupu, akiwa anangoja basi, anameza dawa ya kushusha sukari. Chakula chake kinachofuata kilikuwa magharibi. Mtoto hakukosea kusoma, na mama hakukosea kusikia. Saa saba ni saa saba.

Nilitoka pale nikajiuliza ni wangapi wengine. Kazi ya DNP ilikuwa hiyo. Pamoja na mfamasia na mkalimani tulibadilisha maelekezo ya dawa kwa wagonjwa wa Kiswahili: badala ya namba ya saa, "asubuhi kabla ya chai", "jioni mkishakula". Tukaweka utaratibu kwamba kila mgonjwa arudie kwa maneno yake lini atameza nini kabla hajatoka mlangoni. Tukapitia mafaili ya kabla na ya baada. Hakuna nilichovumbua. Kwamba mgonjwa arudie maelekezo ni jambo linalojulikana miaka mingi. Kilichokosekana ni mtu wa kulichukua hilo linalojulikana, kulilinganisha na watu hawa, kuliingiza katika kazi ya kila siku ya kliniki, na kupima kama limefaa. PhD ingeuliza swali jipya ambalo hakuna anayejua jibu lake, na ingenitaka niandike tasnifu kulithibitisha. DNP inachukua majibu yaliyokwisha kupatikana na kuyafikisha kitandani kwa mgonjwa. Zote ni uzamivu, lakini ni kazi mbili tofauti.

Hapo takwimu zisikutishe. Unazozihitaji zaidi ni za kulinganisha kabla na baada, na kusoma utafiti wa mwingine ukajua kama unaaminika. Wewe umekokotoa matone ya dripu saa tisa usiku mgonjwa anapiga kelele. Hizi utaziweza, tena ukiwa umeketi.

Kuna mahali pengine watu hudanganyika. Husikia programu nyingi za DNP zinadai saa 1,000 za vitendo, wakafikiri ni saa 1,000 za kuona wagonjwa. Saa hizo huhesabiwa zote tangu baada ya BSN, na sehemu yake ni saa za mradi. Kwa kuona wagonjwa ana kwa ana, viwango vya kitaifa vilivyotolewa 2022 vinataka angalau saa 750 kwa anayesomea u-NP, awe wa MSN au wa DNP. Zamani zilikuwa 500. Kwa hiyo usidhani mwenye DNP ndiye lazima ameshika wagonjwa wengi zaidi. Kinachomfanya FNP mzuri ni nani alikufundisha ndani ya hizo saa, na ulipewa wagonjwa gani. Hapo ndipo chuo chako cha simu kinanitia wasiwasi zaidi kuliko kwenye shahada yake.

Muulize huyo mtu swali moja: "Nani atanitafutia mkufunzi wa kliniki?" Huyu ndiye anayeitwa prisepta, NP au daktari ambaye utakaa naye chumbani ukimwona mgonjwa. FNP huhudumia kuanzia mtoto mchanga hadi mzee, kwa hiyo utahitaji pa kuona watoto, pa kuona wanawake, pa kuona wazee. Vyuo vingi vya mtandaoni humwachia mwanafunzi kazi hii. Nimeona wauguzi wazuri wakipigia kliniki arobaini, wakisimamishwa muhula mzima kwa kukosa nafasi, na wengine wakitoa maelfu ya dola kwa mawakala wa kuwatafutia. Hiyo karo ya dola 60,000 haina gharama hizo ndani yake. Chuo kikikujibu "wanafunzi wetu huwa wanapata", hilo si jibu. Jibu ni majina ya kliniki zilizo karibu na kwako, kwa maandishi.

Ukimaliza hilo, ulizia ithibati: programu iwe imeidhinishwa na CCNE, ACEN au CNEA, na thibitisha kwenye tovuti za vyombo hivyo vyenyewe, usitegemee nembo iliyobandikwa kwenye tangazo. Ulizia asilimia ya waliopita mara ya kwanza ule mtihani wa taifa, ambao sisi huuita mtihani wa bodi. Kisha andikia Bodi ya Uuguzi ya Texas uulize kama mhitimu wa programu hiyo anapata leseni ya FNP bila kikwazo. Januari 2023 serikali ilitangaza kesi ya vyeti feki zaidi ya 7,600 vya uuguzi vilivyouzwa na vyuo vitatu vya Florida, kwa watu waliotaka njia ya haraka. Sisemi chuo chako ni cha aina hiyo. Nasema kupiga simu kila wiki ni tabia ya muuzaji, na mnunuzi ana haki ya kukagua.

Kuhusu "mkopo unalipa yote", hapo mambo yamebadilika. Sheria iliyopitishwa Julai 2025 inafunga mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Mkopo wa serikali uliobaki kwa programu ya kawaida ya uzamili au uzamivu ni dola 20,500 kwa mwaka, na dola 100,000 kwa jumla. Piga hesabu: miaka mitatu ni dola 61,500. Karo inaingia kwa kubana, na zinabaki dola 1,500 kwa vitabu, kompyuta, mtihani wa bodi, mafuta ya gari na siku zote utakazopunguza kazini. Kabla hujatia sahihi, keti na afisa wa mikopo wa chuo, yule wa ofisi, sio wa simu, akuandikie mwaka kwa mwaka. Uliza pia hospitali yako: mwajiri anaweza kukulipia karo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi, na hospitali nyingi zina mpango huo. Baadaye, ukifanya kazi eneo lenye uhaba, mpango wa serikali wa Nurse Corps hulipa sehemu kubwa ya deni la muuguzi, na wenye grini kadi wanakubaliwa. Mpango mwingine wa serikali wa namna hiyo, NHSC, unataka uraia.

Halafu muda wako. Saa 750, ukienda kliniki siku mbili kwa wiki za saa nane, ni wiki 47. Hizo ni juu ya masomo, na kliniki ni mchana. Mimi nilijaribu kufanya usiku tatu kamili pamoja na kliniki. Asubuhi moja nilisinzia kwenye taa nyekundu, honi ya nyuma ndiyo iliyoniamsha, na kiti cha mtoto kilikuwa nyuma yangu. Ashukuriwe Mungu hakuwemo. Wiki hiyohiyo nilishuka hadi usiku mbili. Panga tangu sasa kwamba mwaka wa kliniki utapunguza shifti, na uwekee akiba mwaka huo. Ukiona umeanza kukosa usingizi hata siku za mapumziko, au unalia bila sababu, nenda ukamwone daktari wako ana kwa ana. Sisi wauguzi hujitibu kwa kahawa mpaka tunaanguka.

Hukuniuliza hili, lakini lazima nilitaje: una hakika ni FNP unayoitaka? Umekaa wodini miaka sita. FNP ni kazi ya kliniki: presha, sukari, kikohozi cha mtoto, chanjo, mzee mwenye dawa kumi na moja, wagonjwa kama ishirini kwa siku, dakika kumi na tano kila mmoja, na jioni majibu ya maabara yanakungoja. Wengi huichagua kwa sababu ni pana, wakimaliza wanataka kubaki hospitali na wagonjwa mahututi. Kwa hilo kuna mkondo wake, wa watu wazima walio mahututi, na hospitali zaidi na zaidi zinaudai huo. Tafuta FNP mmoja umfuate siku mbili nzima. Ukitoka pale umechoka lakini unawaza yule mgonjwa wa saa nne, umepata jibu.

Na Kitale. Leseni ya FNP ya Texas haivuki hata mpaka wa Texas, sembuse bahari. Ukirudi Kenya, utarudi ukiwa umesajiliwa na Nursing Council of Kenya. Kazi anayofanya FNP huku, nyumbani kwa sehemu kubwa inafanywa na clinical officer, naye ana baraza lake na sheria yake. Kituo chenyewe kinasajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Usiache usajili wako wa Kenya ufe, na waandikie Nursing Council sasa, sio miaka kumi ijayo, uwaulize muuguzi mwenye mafunzo yako ataruhusiwa kufanya nini katika kliniki binafsi. Kama moyo wako uko kwenye kufundisha chuo kikuu huko, ujue wanatazama zaidi PhD. Ulizia kwanza DNP inapokelewa vipi. Jina la daktari nalo tumia kwa uangalifu. Kiswahili chetu hakitofautishi daktari wa digrii na daktari wa kutibu, na mgonjwa wa Kitale atakusikia hivyo hivyo. Hata huku, California kwa mfano, sheria inabana nani ajiite daktari mbele ya mgonjwa.

Mume wako, basi, ana hoja. Kwa miaka yako, watoto wawili na Texas unayoishi, ningekwenda MSN ya FNP katika chuo cha umma cha Texas kinachokutafutia prisepta, nusu muda, kama miaka miwili na nusu. Ningepita bodi, nikafanya kazi. Loretta Ford alianzisha u-NP Colorado mwaka 1965, na DNP ya kwanza ilifunguliwa Kentucky 2001. Wauguzi wametibu watu miaka thelathini na sita katikati hapo. DNP itakungoja, na ya baada ya uzamili kwa kawaida huchukua kama miaka miwili.

Lakini hoja ya upande wa pili nayo ni ya kweli. Kupanda ngazi mbili kunagharimu zaidi kwa jumla kuliko kupanda moja kwa moja, na wengi wanaosema "nitarudi" hawarudi. Kuna vyuo vizuri ambavyo vimefunga kabisa MSN. Kama kilicho karibu nawe, chenye kliniki zake, kinatoa BSN hadi DNP tu, na mwajiri anachangia, kichukue bila woga. Vilevile ukiwa tayari unalo jambo wodini kwako linalokukera kila usiku na unataka kulirekebisha, hilo ni sababu nzuri kuliko cheo.

Wiki hii usijibu simu hiyo. Watumie barua pepe yenye maswali mawili tu: nani atanitafutia prisepta, na asilimia ngapi walipita bodi mara ya kwanza mwaka jana. Wakijibu kwa maandishi, nitumie tusome pamoja. Wakikupigia badala ya kuandika, nijulishe pia.